Tuimbe au Tunyamaze Njiani Kesho

Mheshimiwa mwakilishi wa mamlaka ya mji. Baba Mchungaji Timothée, mwenye salle hii ya mikutano. Mzee Mathe, mwenyekiti wa kamati ya usalama ya kijiji chetu. Mama Kavuo, ambaye kwa ajili yake tumevaa nguo za Jumapili siku ya Ijumaa. Ndugu zangu mliokimbia kutoka upande wa Kalunguta, na ninyi wenyeji wa Butembo mliotugawia nyumba na chumvi: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake, na yule ambaye sikumtaja anisamehe.

Nimepewa kazi mbili. Ya kwanza ni kumshukuru Mama Kavuo, ambaye magoti yake yamekataa milima na ambaye kuanzia leo hatatembea tena mbele yetu. Ya pili ni kuipokea nafasi yake. Kesho alfajiri, wale walioamua kurudi kuvuna maharagi watashika njia ya mashamba, na mimi, Gamaliel, niliyetoka chuo kikuu juzi tu, nitakuwa mbele yao. Naogopa. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani kwamba sentensi ndefu ni ujasiri.

Kwa ajili ya wenyeji wa Butembo nieleze jambo ambalo kwetu hata mtoto analijua. Tuna wimbo wa kupita. Watu wakienda shambani kwa kundi, mwitaji hutangulia, na kila anapokaribia shamba la mtu huimba jina la mwenye shamba: fulani, tunapita, uko? Naye, aliyeinama katikati ya migomba asikoonekana, huitikia kwa sauti ileile: niko, mupite. Kisha kundi huendelea hadi shamba linalofuata. Hakuna ngoma wala gitare. Ni majina tu, yakiulizwa na kujibiwa, kutoka kijito hadi juu ya kilima.

Mnaniita msanii, na mara nyingi mmeniuliza nyimbo zangu nilizitoa wapi. Nitajibu bila unyenyekevu wa uongo. Nilisikia rumba katika redio ya baba yangu, nikajifunza kwamba gitare linaweza kucheka wakati mwimbaji analia. Nilisimama katika kwaya ya Masereka, kwa ukoo wa mama yangu, ambako baridi huwafanya watu waimbe wakiwa wamebanana, nikajifunza kwamba sauti nne zinaweza kuwa mtu mmoja. Nilisikia askari kwenye barriere ya barabarani wakiimba Kilingala kwa hamu ya makwao, nikajifunza kwamba hata mwenye bunduki anaogopa usiku. Hayo yote nayashukuru. Lakini kila wimbo nilioutunga mwenyewe, hata ule mnaoupigia makofi harusini, unaanzia chini, karibu na kifua, na huo mwanzo si wangu. Ni wa Mama Kavuo.

Nilisoma kitabu kimoja, cha mtaalamu aliyetupitia na mashine yake ya kunasa sauti, kilichodai kwamba nyimbo zetu za njiani ni maskini kwa sababu hazipandi juu. Nilibishana na kitabu kile usiku kucha, kisha nikabishana na mwalimu aliyenipa kitabu. Je, huyo mtaalamu aliwahi kubeba kikapu cha mihogo kwa kamba ya paji la uso? Mwanamke aliyefunga kamba kichwani, shingo imekaza, kidevu kimeshuka, anapanda mlima: sauti yake itapanda kwenda wapi tena? Wimbo wetu unakaa chini kwa sababu mwili unaouimba umebeba chakula cha watu. Huo si umaskini. Hiyo ndiyo elimu yake.

Nilipoanza kujifunza kwake, Mama huyu hakunionea huruma. Nilimletea gitare langu jipya, nikampigia. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka jembe chini.

«Gitare yako inalia sawa mbuzi ya Lubero ku baridi,» akasema. «Weka kule. Ita jina yangu.»

Nikaliita.

«Ni aje? Unaita sawa karani wa bureau. Hata miye siwezi kuitika.»

Wanawake waliokuwa wakilima naye walicheka hadi wakashika mbavu zao. Mama, leo nakujibu mbele ya watu: ulisema kweli, na mbuzi yule ameacha kulia. Wasingya, asante.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengine wenu mlitamani nisilifikie.

Mnajua kwamba hatuimbi tena njiani. Tangu mauaji ya kilima cha jirani, kamati iliagiza watu wapite kimya: simu zizimwe, watoto wanyonyeshwe wasilie, na wimbo ukome. Msidhani agizo lile lilitoka kwa watu wenye kiburi. Lilitoka kwa watu waliokuwa wametoka kuzika. Mzee Mathe, wewe ulimzika mwanao Lusenge, ambaye siku ile ndiye aliyekuwa anaita badala ya Mama Kavuo aliyekuwa mgonjwa. Wapo wanaosema wimbo ndio uliomponza. Wapo wanaosema wauaji walikuwa wamekwisha kukaa pale tangu jana yake. Mimi ninayependa mabishano sitabishana hapa, kwa sababu aliyejua hakutuachia neno.

Lakini ukimya nao umetuchukulia mtu. Msimu uliopita, nikiwa bado masomoni, kundi letu lilipita kimya kama lilivyoagizwa. Syauswa, mume wa Mama Katungu huyu anayeketi pale kando ya ukuta, alikuwa peke yake katika kibanda chake, akilinda maharagi yasiibiwe. Alisikia miguu mingi na hakusikia jina lake. Ninyi mngefanya nini? Watu wanakuja, ni wengi, na hawasemi neno. Alikimbilia porini; jirani wa kibanda cha juu alimwona. Kundi lilipofika lilikuta sufuria ikichemka na kofia yake imeanguka mlangoni, nao wakadhani ametekwa, wakakimbia pia. Hadi leo hajaonekana. Tafakarini, ndugu zangu: mtu alikimbia majirani zake, na majirani wakakimbia sufuria yake, na adui hakuhitaji hata kuwepo.

Baada ya kumsikia Mama Katungu akisimulia hayo, nilikwenda kwa Mama Kavuo nikiwa na hoja zangu za chuo kikuu. Nilimwambia: «Mama, tukiimba, wale wenye mapanga watatusikia.»

Akanitazama. «Bale banajua zamani fasi ya mashamba yetu. Batu betu ndio hapana jua kama ni siye.»

«Na wakitusikia kwanza wale?»

«Donc basi utakufa ukiitwa Gamaliel. Weye unataka kufa bila jina?»

Nimesoma vitabu vingi kuhusu woga, na vyote viliandikwa na watu waliokuwa wameketi.

Basi nilitafuta njia ya katikati, kama wasomi wafanyavyo. Nilimwambia: tupite kimya msituni, ambako hakuna mtu wetu wa kumwita, na tuanze kuimba kwenye kijito, ambako mashamba yanaanza na ambako watu wamejificha vibandani. Mama alicheka mpaka akakohoa.

«Wimbo nusu? Ni sawa kuolewa nusu!» Kisha akafuta macho, akasema: «Lakini ni weye mwitaji sasa. Miye nilikuwa na magoti, weye uko na akili. Fanya.»

Huo ndio urithi nilioupata. Haukuja na baraka nyepesi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu wimbo ule chumbani, nyuma ya soko, na kila nikifika kwenye kijito, yaani mahali katika wimbo ambapo kijito kingekuwa, naacha na kuanza upya. Mama yangu mzazi hulia akinisikia, hunibembeleza nirudi kwenye harusi na gitare. Yeye si mjinga. Anajua kwamba mwitaji hutangulia, na kwamba sauti ya kwanza kusikika ndiyo ya kwanza kutafutwa. Mwulizeni yeyote kati ya wanaokwenda kesho kama amelala vizuri wiki hii. Lakini maharagi yamekauka, watoto wetu hapa Butembo wanakula mara moja kwa siku, na pale mashambani kuna watu wetu waliotangulia, wamelala vibandani, wasiojua kesho watasikia miguu ya nani.

Mzee Mathe, sikuja hapa kukuaibisha. Nimekusifu nyumbani na nitakusifu hapa: wakati wakubwa wengine walikimbia na magari, wewe ulirudi kuokota majeruhi kwa machela ya miti. Ndiyo maana nakuomba wewe na si mwingine. Agizo la ukimya ni lako, na ni wewe peke yako mwenye haki ya kulilegeza kuanzia kwenye kijito hadi juu. Ukikataa, sitakuasi. Nitatembea mbele nikiwa nimefunga mdomo, na walio vibandani watasikia miguu. Ukikubali, sauti ya kwanza itakuwa yangu. Naogopa hayo yote mawili, na woga wangu haunisaidii kuchagua. Pengine wewe, uliyekwisha kulipa bei kubwa kuliko sisi, unaona mahali ambapo mimi sioni. Ninachokuomba ni jibu la leo, mbele ya Mama Kavuo na mbele ya Mama Katungu, kwa maana alfajiri hakutakuwa na muda wa kujadiliana.

Mama Kavuo, pumzika. Miguu yako imetufikisha mbali. Ndugu wenyeji, Mungu awalipe kwa mikeka na maji. Ninyi nyote mliovumilia ubishi wangu, asanteni kwa kunipa masikio yenu.

Mzee Mathe, usisimame, mgongo wako unauma. Nakuletea mikro hii ya kusemea hapo ulipo.