Mwalimu Phelister Kweyu na Karai la Gredi ya Saba

Miaka thelathini na minne katika shule moja! Mwalimu Phelister Kweyu, aliyeingia Shule ya Msingi ya Mtambo, hapa mtaani Jericho, mwaka wa 1991, anastaafu tarehe 31 Desemba, na sisi wenzake bado hatuamini. Nani sasa atawafundisha watoto wetu Kiingereza kwa karai la maji?

Ndiyo, karai. Wapo walimu wanaofundisha maana kwa kunakili kamusi ubaoni. Mwalimu Phelister alipofika kwenye kitenzi "submerge", alichota maji. Alitia chungwa zima, likaelea. Akalimenya, akalirudisha, likazama. Darasa likapiga mayowe. Alichovya mkate, akatikisa kichwa: huo umechovywa tu, nusu iko nje. Kitenzi hiki, alisisitiza, hudai kitu kifunikwe chote na maji, kama mafuriko yanavyoifunika barabara. Lakini hakisemi kwamba kitu hicho kimepotea, wala kwamba hakitaibuka. Kisha kila mwanafunzi alitumbukiza uso wake mwenyewe, akaibuka akichuruzika maji, na kutamka sentensi ya Kiingereza aliyojitungia. Waliopita mikononi mwake wametapakaa mjini, na ukiwauliza maana ya neno hilo, hujishika pua kwanza.

Mwaka juzi, somo hilo nusura limpotezee kazi. Hibo, binti wa mfanyabiashara wa jumla Mzee Abdiqadir, alirudi nyumbani ushungi umelowa, akasimulia kwamba waliingiza nyuso majini mmoja mmoja mbele ya mwalimu, wakitamka maneno. Sasa, ni nani hapa asiyejua kwamba kanisa la Mwalimu Phelister hubatiza kwa kuzamisha? Kufikia swala ya Magharibi, ilisemekana amebatiza darasa zima. Habari zilipowafikia wauza nyama wa Soko la Burma, karai lilikuwa limegeuka mto, na mwalimu amevaa joho jeupe!

Asubuhi wazazi walifurika langoni. Mzee Abdiqadir alidai mwalimu ahamishwe, la sivyo Hibo hatakanyaga tena shuleni. Na hapa, waheshimiwa, ndipo lilipotushika butwaa ambalo halijatutoka. Walimu waliokula maandazi yake kila Ijumaa waligeuka mabubu! Mwalimu mkuu, Bwana Munyoki, alimshauri akiri kosa na kulitupa karai. Kosa lipi? Ndimi zetu zilikuwa wapi? Shule nzima inajua somo lile, na shule nzima ikatazama sakafu!

Mwalimu Phelister hakukiri kosa ambalo hakulitenda. Aliwaomba wazazi radhi kwa kutowaeleza mapema, kisha akaomba karai lijazwe. Akawafundisha, pale pale uwanjani, somo lile lile, kuanzia kwenye chungwa. Lilipozama, mayowe yalikuwa yale yale. Bi. Ruqiyo, mamake Hibo, ndiye aliyeangua kicheko kwanza.

"Baba Hibo, njoo uone! Chungwa limebatizwa!"

Mzee hakucheka. Alikunja mkono wa shati, akatumbukiza mkono hadi kiwiko kana kwamba anatafuta ushahidi chini ya karai, akauacha humo. Mwalimu akamsubiri. Hatimaye Mzee akatamka kwa sauti ya sokoni: "My watch is submerged!" Naam, alikuwa ameisahau saa mkononi.

"Aabo, itoe basi!" Hibo alimpigia babake kelele, na uwanja mzima ukavunjika mbavu, Mzee akiwemo.

Saa ilikufa. Hibo alibaki, na siku hizi ndiye anayewatisha Gredi ya Saba kwamba maji ya karai ni baridi.

Wiki iliyopita Mzee Abdiqadir alimletea Mwalimu zawadi ya kumuaga: karai jipya, kubwa kuliko la kwanza. Bwana Munyoki amelipokea kwa mikono miwili, mbele ya wote. Vizuri! Lakini kitenzi kile kinafundishwa tena muhula ujao, na hakuna aliyejitolea kukifundisha. Wenzangu, tulinyamaza mara moja. Tutanyamaza tena?

Mwalimu Phelister, ahsante kwa sauti yako, kwa maandazi yako, na kwa kusimama peke yako siku ambayo haikupasa usimame peke yako. Tunakuombea afya na pumziko jema nyumbani kwako Njiru. Karai la zamani lichukue, ni lako. Hili jipya libaki nasi; tumekwisha kulijaza maji.