Kete ya Mwisho ya Gombojav

Marehemu kaka yetu Gombojav alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, Bayandelger, mtoto wa tatu wa mzee Sodnom na mama Handaa. Mimi Dulmaa, ninayewasomea, ndiye niliyemfuata ziwa.

Alisoma bwenini Nalaikh hadi darasa la nane. Huko alijifunza dama, na sheria moja akaishika kuliko hesabu: ukiwa na kete ya kula usipoila, mwenzako anaipuliza kete yako iliyopaswa kula na kuitoa ubaoni. "Asiyekula chake ni mzembe au mwongo," alizoea kusema.

Mwaka 1970 aliingia mgodini, akachimba makaa ya mawe miaka ishirini. Kete zake nyeusi alizichonga kwa makaa hayo, nyeupe kwa mfupa wa ngamia.

Mwaka 1976 alikwenda kumposa wifi yangu Sevjid. Wakati chai ikichemka, akamfunga mkwe wake dama mara tatu mfululizo. Sisi tuliomsindikiza tulitamani ardhi ipasuke. Mzee akasema, "Huyu hawezi kunidanganya. Binti achukuliwe."

Makaa yalimrudia kifuani. Tangu Oktoba hakutoka kitandani, na Luvsan, jirani na mshindani wake wa siku zote, akawa anakuja kufungwa. Kila siku anafungwa! Luvsan huyu, ambaye hakuwahi kumwachia kete hata mwanawe. Huko nje anajisifu, "Nampa raha mzee wangu." Sifichi, nilimwonea kinyaa. Jitu zima kumbembeleza mwanaume mwenzake kama mtoto anayenyweshwa dawa.

Asubuhi ya tarehe 14 Februari, kete ya kaka ilikaa wazi. Luvsan akaipita.

"Luvsan, kula."

"Sijaiona, kaka."

"Umeiona. Kula, au nakupuliza."

"Wewe cheza tu, kaka. Leo mkono wako mzuri."

Kaka akamtazama kama mtu aliyekuta nywele kwenye supu. "Umenizika kabla sijafa," akasema. Akakusanya pumzi, akainama, akaipuliza kete ya Luvsan. Kikohozi kikamshika, hakikumwachia tena. Alifariki saa saba mchana.

Ameacha mjane Sevjid, watoto Erdene na Nandin, wajukuu watano, na mimi. Luvsan, uliyekaa hapo mbele ukijifuta machozi, umeomba ubao uwe kumbukumbu yako. Ubao anazikwa nao mwenyewe. Chukua kete yako, aliitoa kihalali.

Kaka, pumzika kwa amani. Uendako hakuna wa kukuachia.