Barua ya Mutanu Kwenye Tovuti

Mutanu, fundi wa nguo, alikuwa akirudi nyumbani Kyumbi kwa basi aliposikia wanawake wawili wa kiti cha mbele wakizungumza.

"Tovuti ya lile shirika la wagonjwa wa ukimwi imeweka barua ya mama wa Kyumbi. Na jina lake!"

"Kwani hakukubali? Kuna mahali unaweka tiki kabla ya kutuma."

"Alikubali kusaidiwa, si kuanikwa. Pengine hata mzee wake hajui."

Mutanu alijifunika leso mpaka usoni. Tiki hiyo aliiweka yeye, mwezi uliopita kule saiba, kwenye duka la intaneti, bila kusoma chochote.

"Kyumbi! Kuna mtu?" kondakta aliuliza.

Basi lilisimama. Mumewe alikuwa pale chini akimngoja. Mutanu hakuinuka.