Mama Adélaïde na Hadubini Iliyokwenda Matangani

Tarehe 30 Juni 2004, Mama Adélaïde Bukeyeneza, fundi mkuu wa Maabara ya Ubongo na Uzee, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Mkurugenzi aliniomba niandike wasifu huu kwa Kifaransa, ukurasa mmoja, bila malalamiko. Kifaransa nimekiacha, kwa kuwa mimi na huyu mama tumegombana kwa Kiswahili tangu nilipoajiriwa kama fundi wa mashine mwaka 1978. Malalamiko siwezi kuyaacha. Nikiyatoa, ukurasa utabaki mtupu.

Aliingia kazini Septemba 1975 akiwa na diploma ya maabara na, kwa ushahidi wa waliomtangulia, kidole cha kukosoa watu kilichokwisha kunyooka. Kazi yake ilikuwa kupokea ubongo wa wazee waliokufa wakiwa wamepoteza kumbukumbu, kuulaza katika fomalini, kuugandisha ndani ya nta, kuukata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, kuvipaka rangi na kuvitandika juu ya vioo ili madaktari wavitazame. Utafiti wetu ulikuwa na swali moja: ugonjwa wa Alzheimer unaiuaje kumbukumbu, na uvimbe wa ubongo una mkono gani humo?

Kwa wageni wetu wa leo nieleze kidogo. Katika ubongo wa mgonjwa hujitokeza mabaka ya uchafu. Seli za ulinzi huja kuyasafisha, hazifaulu, na badala ya kuondoka hukaa hapo miaka na miaka zikiwa na hasira, zikiwaunguza na majirani wasio na kosa. Daktari Rénovat, aliyeanzisha utafiti huu, aliamini kwamba uvimbe huo huja mwishoni kabisa. Mwaka 1987 Mama Adélaïde alimwambia kwamba kwenye vioo vyake unaonekana hata kwa wazee waliokufa wakiwa ndio kwanza wameanza kusahau. Daktari akajibu kwamba labda rangi ilikuwa mbaya. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Mama Adélaïde kwamba rangi yake ni mbaya kisha akala chakula cha mchana kwa amani. Alitengeneza upya vioo arobaini, akavipanga juu ya meza ya daktari, na meza ilipojaa akavipanga kwenye kiti chake. Daktari alivitazama vyote akiwa amesimama, na alipomaliza alikubali.

Lakini kilichotuchosha zaidi ni ahadi yake. Chini ya fomu ya kila familia iliyokubali kutukabidhi ubongo wa mzee wao, Mama Adélaïde aliandika kwa mkono: "Jibu litaletwa nyumbani kabla ya kuganduka." Kuganduka, kama mjuavyo, ni siku ya kuondoa matanga, mwaka mmoja baada ya mazishi. Siku hiyo familia hukaa pamoja na kusema kila kitu: nani anabaki katika nyumba, nani amekosa nini. Yeye alishikilia kwamba jibu linalofika baada ya siku hiyo ni karatasi tu. Hakuna aliyemtuma kuahidi. Tuliotimiza tulikuwa sisi.

Oktoba 1993 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza nchini. Mwaka 1995 Daktari Rénovat aliondoka nchini, na mwaka uliofuata vikaja vikwazo: hakuna mafuta, hakuna nta, hakuna kemikali. Ndoo tisa zilikuwa kabatini, ubongo wa wazee tisa, familia tisa zikisubiri. Uongozi wa wakati huo ukaamuru chumba kisafishwe na ndoo zimwagwe. Mama Adélaïde alileta kiti, akakiweka mlangoni, akaanza kufuma sweta. Alifuma siku nne. Amri ile haijafutwa mpaka leo, imezeeka tu. Na zile siku za ville morte, mji mzima umefungwa na risasi zinasikika, yeye alikuja kwa miguu kutoka mtaani kwake Ngagara, kisha akaandika kwenye daftari lake kwamba Shaabani wa Buyenzi, yaani mimi, hakufika kazini. Daftari hilo lipo. Nimeandikwa mara kumi na saba.

Ndoo ya kwanza kati ya hizo ilikuwa ya Mzee Astère, mwalimu mstaafu wa Ngagara, aliyefariki Agosti 1996. Alilelewa na binti yake Chanelle, aliyekimbilia kwa baba na watoto wawili mwishoni mwa 1993, nyumba yake ilipochomwa. Kaka zake walisema mzee alikuwa mzima mpaka Chanelle alipoingia, ndipo akaanza kuficha viatu ndani ya sufuria na kuwaita wanawe kwa majina ya marehemu. Walisema amemtilia kitu kwenye chakula. Kaka mkubwa, Népomuscène, alisaini fomu yetu kwa moyo mweupe kabisa: alitaka tuione sumu. Siku ya kuganduka, Jumamosi ya tarehe 23 Agosti 1997, Chanelle angetolewa nyumbani mbele ya ukoo wote. Kutolewa nje na watoto wawili mwaka ule halikuwa jambo la kusimulia.

Basi ubongo wa mwalimu ukawa lazima ukatwe, na nta haipo. Nilinunua mishumaa ya sokoni nikaiyeyusha. Ilipasuka chini ya wembe kama biskuti, na Mama Adélaïde akanitazama mimi, si mishumaa. Ndipo masera Mathilde, mtawa wa parokia, akatutumia maboksi mawili, moja la vipande vya mishumaa kwa ajili yetu, jingine la kupeleka kwenye kanisa dogo la hospitali. Mimi ni Mwislamu, mwana wa fundi baiskeli. Mshumaa kwangu ni mshumaa. Nilichukua ule mnene wa boksi la pili, mrefu kama mguu wa mtoto, wenye msalaba mwekundu, nikaukatakata na kuutia kwenye chungu. Mama Adélaïde aliingia msalaba ukiwa unaelea.

"We Shaabani! Umeyeyusha Pasaka! Sasa mi nitaambia masera nini?"

Alinigombeza kwa lugha tatu, akapiga ishara ya msalaba, kisha akachovya kidole na kukinusa. Mshumaa ule, ambao kanisa huuwasha usiku wa Pasaka, ulikuwa umechanganywa na nta ya nyuki, na nta ya nyuki ndiyo iliyokuwa ikikosekana. Ulikatika kwa ulaini wa ajabu. Ubongo wa wazee wote tisa ulikatwa ndani ya Pasaka ile. Sijawahi kushukuriwa, kwa masera Mathilde niliombewa msamaha.

Jibu la Mzee Astère lilikuwa tayari Alhamisi, siku mbili kabla. Nikadhani tutapeleka karatasi. Mama Adélaïde akasema karatasi watafungia karanga, na kwamba wataona kwa macho yao. Tulikuwa na hadubini moja nzima, ile ya zamani yenye kioo cha kunasa mwanga wa jua, na ilikuwa marufuku kutoka nje ya geti. Yeye hakusaini hati ya kuitoa. Alinishika mkono, akanipa kalamu, nikasaini mimi. Jumamosi niliibeba kifuani kutoka hospitali hadi Ngagara, nikapita vizuizi viwili, na kwenye kila kizuizi yeye ndiye aliyeongea na mimi ndiye niliyepekuliwa.

Walikuwa wamekaa uani chini ya turubai, kreti za bia upande huu, mtungi wa pombe ya mtama upande ule. Chanelle alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, watoto wake wamevaa viatu tayari, mfuko wa nguo miguuni. Mama Adélaïde hakusalimia sana. Aliweka hadubini juu ya meza penye jua na kuwapanga wajomba wa watoto wale mstari kama wanafunzi.

"Muangalie vizuri," akawaambia. "Hii haiko kitu ya miaka tatu. Ilianza zamani, miaka kumi na kupita, muzee akingali anafundisha. Chanelle alikuja kukuta ugonjwa uko ndani."

Mmoja baada ya mwingine waliinama, wakayaona mabaka na zile seli zilizoyazunguka. Népomuscène aliinama mwisho na hakuinuka. Waliotaka kurudia wakaanza kunung'unika. Alipoinua uso ulikuwa umelowa.

"Quatre-vingt-six," alisema, yaani mwaka 1986, "papa alinipita mu njia, hakunisalimia. Mi nilijua amenikasirikia."

Miaka kumi na moja alikuwa ameibeba hasira ambayo baba yake hakuwa nayo. Alikwenda kwenye mtungi, akachukua mrija wake mwenyewe, akampelekea Chanelle anywe nao; hakuna anayechangia mrija na mtu anayemshuku kwa sumu. Watoto wakavuliwa viatu. Jumatatu iliyofuata nilipewa barua ya onyo kwa kutoa chombo cha hospitali bila idhini, na Mama Adélaïde aliisoma akasema imeandikwa vizuri.

Familia zote tisa zilipata majibu kabla ya siku zao, hata ile iliyohamia Gatumba, ambako tulifika tumelowa mpaka magotini kwa mafuriko. Kwa jumla ametuachia ubongo thelathini na saba na vioo zaidi ya elfu sita. Makala ya Daktari Rénovat juu ya uvimbe wa mapema ilichapishwa Ulaya mwaka 2001, na mwishoni inawashukuru "mafundi wa maabara." Jina la Mama Adélaïde halimo. Yeye anasema si kitu. Mimi nasema ni kitu, na nimeliandika hapa ili angalau lisomwe leo.

Wiki iliyopita, akikabidhi funguo, aliniachia fomu moja iliyojazwa. Jina: Adélaïde Bukeyeneza. Mama yake mzazi alikufa akiwa hamjui, na yeye anajua kuliko daktari yeyote hapa jinsi ugonjwa ule unavyoanza mapema. Kwenye mstari wa mtu atakayepeleka jibu kwa watoto wake kabla ya kuganduka, ameandika Shaabani. Hakuniuliza. Nilimwambia mimi ni fundi wa mashine, na mwenyewe nazeeka. Akasema: "Utajifunza."

Mama Adélaïde, wafanyakazi wote wanakushukuru, na wanaomba ukae Ngagara kwa raha, ufume, uwagombeze wajukuu. Fomu nimeisaini, kwa sababu kukukatalia sijawahi kufaulu. Ila kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita nakuomba uchelewe, uchelewe sana. Mungu akupe maisha mema na marefu. Na ikija siku ukaanza kutusahau, nitakuja kila asubuhi nijitambulishe upya, inshallah, ili upate kunigombeza tangu mwanzo.

Shaabani, fundi wa mashine