Siku Tatu za Jibu Lililozuiwa

Tarehe 30 mwezi huu, Bi Rudia anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika maabara ya homoni ya hospitali yetu. Jina hilo tulimbandika sisi wadogo zake kazini, tuliochoka kuambiwa "rudia kipimo". Alilijua, akacheka, akaendelea kuturudisha mezani.

Alianza kwa kuosha vioo, akasoma, akapanda hadi kuwa mkuu wa kitengo. Mimi nitamkumbuka kwa fundi seremala mmoja mzee.

Mzee huyo alikuwa na saratani ya tezi dume. Alichomwa sindano za kushusha homoni ya kiume, maana ndiyo inayoichochea saratani hiyo. Baada ya miezi mitatu ilipaswa kuwa karibu na sifuri. Mashine yetu ikasoma kiwango cha kijana barobaro. Tukarudia, vilevile. Daktari akaona sindano zimeshindwa, akampangia upasuaji wa kuondolewa korodani kesho yake asubuhi. Ilibaki saini ya maabara tu.

Bi Rudia akakataa kusaini. Daktari akashuka mwenyewe, amefura.

"Dada, mashine imesema mara mbili!"

"Hata mwongo hurudia, daktari. Kisu kikishapita, nani atarudisha?"

Akapanda wodini. Alimkuta mzee amelowa jasho, anajipepea kwa kadi ya kliniki: joto la ghafla, la mtu ambaye homoni imemshuka.

"Baba, ukiacha dawa zetu, unameza nini kingine?"

Mzee akageukia ukutani. "Vidonge vya kuotesha nywele, mwanangu. Binti yangu huniletea. Mama watoto asijue."

Vitamini iliyomo humo huweza kuidanganya mashine ya aina yetu. Vidonge vikasimamishwa ili itoke mwilini, upasuaji ukaahirishwa. Siku tatu daktari hakumsalimia Bi Rudia. Siku tatu chai yake ilipoa mezani, kwani kama alikosea, saratani ilikuwa ikila muda wa mzee.

Siku ya nne tulipima upya. Bi Rudia alishika ukingo wa meza hadi vidole vikakakamaa. Jibu likatoka: karibu na sifuri. Daktari alilisoma amesimama. "Futeni upasuaji," akasema, kisha akavuta kiti akaketi.

Leo fomu yetu humuuliza kila mgonjwa vitamini anazomeza. Mzee bado huja kupimwa, na upara wake.

Dada yetu, asante kwa kubeba hofu ile peke yako ili mtu abaki mzima. Kapumzike sasa. Tunakuombea afya, usingizi mtamu, na chai inayonywewa ingali moto.