Lebo za Dawa Zilizotoka Tofauti

Nje ya karakana ya Phanuel, fundi wa viti hapa mtaani Lindi, kuna benchi, na jioni benchi hiyo ni ya kahawa na ubishi. Phanuel tunamwita Randa. Okoth, ambaye hakuna habari inayompita, ni Redio. Jumamosi moja ya mwaka themanini na tatu, jirani yetu Sella alikuja na mkate, akamwambia muuza kahawa atujazie sote vikombe. Kazi yake ni kulisha kompyuta kadi zenye matundu yanayobeba namba, katika kampuni moja ya mjini inayochapisha lebo za dawa. Bosi alikuwa amemsimamisha.

— Nimerudishwa, akasema. Jumatatu naripoti.

— Kwani walisema umefanya nini? Redio akauliza.

— Kadi zile zile nimelisha mara mbili. Mara ya kwanza lebo inasema tembe moja, mara ya pili tembe tatu. Bosi akasema nimechanganya kadi.

— Hiyo ni stima, Randa akasema. Jioni umeme unafika ukiwa umechoka.

— Stima gani? Redio akasema. Mashini ilikuwa na njaa. Wewe ukiwa na njaa unapima unga sawa?

— Basi huko ndani wako watu wawili, na wamekosana, Randa akajibu.

Sella akacheka. Tulikuwa hatujamsikia akicheka tangu asimamishwe.

— Ni Muthoni aliniokoa, yule wetu wa kuandika programu. Alikataa nifutwe kabla hajajaribu. Akaandika programu nyingine, kazi yake ni kuendesha ile ya lebo tena na tena, kuweka majibu na kuyalinganisha yenyewe. Yakitofautiana, inapiga alama. Mimi niko huku nyumbani, kadi hakuna aliyezigusa, na alama zinatokea. Kumbe programu ya lebo ilikuwa inaanza na namba zilizobaki za kazi iliyopita.

— Kama kupika na sufuria haijaoshwa, Randa akasema.

— Hivyo hivyo. Sasa wamerekebisha, majibu yanatoka sawa kila mara. Akaanza kukata mkate. Na huyo Muthoni hata chai hatujawahi kunywa pamoja. Sijui nitamshukuru aje.

Obiero, mpangaji mpya anayemeza dawa za presha, alikuwa amesimama kando na kikombe chake.

— Na kama programu ya lebo inakosea kosa lile lile kila mara, alama itatokea?

Sella akamkatia Obiero kipande kinene cha mkate.

— Asante, mzee. Hiyo sijui. Jumatatu nikifika tu, namuuliza Muthoni.