Fabiani Amnaay, Mtu wa Kunusa Maji

Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Amnaay, wakwe zetu mliofika kutoka Simanjiro, majirani wa Maisaka, na ninyi mliosimama kule nje na maswali yenu, familia inawaomba msogee karibu, kwa sababu historia hii inasomwa bila spika, na kwa nini hakuna spika mtasikia kabla hatujamaliza.

Marehemu Fabiani Amnaay alizaliwa Bagara tarehe 3 Machi 1968, siku zile Babati yote ikiwa bado Mkoa wa Arusha, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kushuku, chakula anakinusa kwanza, habari anaiuliza mara mbili, na mtu akimsifu anataka kujua anatafuta nini.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Bagara kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akabaki nyumbani akilima mahindi na mbaazi, na mwezi Juni 1989 akaenda Arusha mjini, akapata kazi ya usafi katika nyumba ya wageni iliyokuwa na tangi la kioo la samaki wa mapambo pale mapokezi. Samaki hao walikufa kila wiki, lawama zikamwangukia yeye, wakasema anawawekea sabuni, naye akaamua kuvizia, hadi akamwona mwenye nyumba mwenyewe akimwaga maji yote ya tangi siku ya Jumamosi na kulijaza papo hapo maji ya bomba, yakiwa bado na dawa. Tangu siku hiyo Fabiani hakuamini maji ya mtu yeyote, na samaki wakakabidhiwa kwake.

Tarehe 22 Oktoba 1994, huko Simanjiro, alifunga ndoa na Nkamasiai, binti wa mzee Sankok, wakajaliwa watoto wawili, Soipei mwaka 1996 na Loserian mwaka 1999. Wakwe zetu hawatakasirika tukisema kwamba binti yao alikulia mahali ambapo samaki si chakula na wala si kitu cha kutazama, kwa hiyo mwaka 2003, mkoa wetu mpya ukiwa umeanza, ofisi na nyumba za wageni zikifunguliwa hapa mjini, Fabiani aliporudi kuzitunzia matangi ya samaki na kuweka lake la kioo sebuleni Maisaka, mama Soipei aliligeuzia mgongo. Mlio wa ile pampu ya hewa, unaobubujika mchana na usiku, aliuchukia kabisa.

Alimshuku pia mumewe, na ametupa ruhusa kulisema. Kila Jumapili baada ya misa Fabiani aliondoka na ndoo ya bluu na kipande cha mpira wa maji, akisema anakwenda kubadilisha maji kwa wateja, na mwanamke gani angeamini hayo, basi Jumapili moja mwaka 2005 akamfuata kwa miguu, akachungulia, akamkuta mumewe amepiga magoti mbele ya kioo, mpira mdomoni, anavuta maji machafu. Akarudi nyumbani, akanyamaza miaka minne, sisi ametuambia jana.

Kazi hiyo marehemu aliifanya kwa masharti, tena alikuwa mkali nayo. Maji yabadilishwe robo tu kwa wiki, ya bomba yakae wazi kwenye ndoo siku nzima kwanza, kisha yanuswe kama dawa imetoka, ndoo ya bluu isiguse sabuni, samaki wasisongamane, chakula kisizidi kile wanachomaliza mara moja, na pampu isizimwe kamwe. Umeme ukikatika alichota maji ya tangi kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, yashike hewa, akirudia hata saa nzima, na majirani waliopita dirishani wakamwona mtu anawamwagia maji samaki asiowala. Maneno yakaanza hapo, mara anafuga majini, mara ana utajiri wa masharti, ingawa utajiri wenyewe hakuna aliyeuona, hata sisi ndugu zake.

Mwezi Mei 2008 alianza kuugua figo, akatibiwa hapa mjini, kisha akapewa rufaa, na kufikia Februari 2009 hakuweza tena kuinua ndoo. Nkamasiai aliichukua bila kuombwa, akiwa ameangalia pembeni, naye marehemu akamfundisha akiwa kwenye kiti, akamwambia neno moja ambalo familia inaliweka hapa kama lilivyo: "Mama Soipei, usiniamini mimi, angalia samaki. Wakipanda juu kutafuta hewa, ujue kuna mtu amekosea."

Fabiani alifariki Jumanne tarehe 11 Agosti 2009, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Sasa tuseme la jana. Jana Alhamisi asubuhi samaki wote walipanda juu ya maji wakifungua midomo, na wengi wenu mliwaona, mkasema wanamwita marehemu, wengine mkasema wanamtaka wa pili. Kule chumbani, nyimbo zilipotulia, mjane akagundua kuwa ule mlio alioukasirikia miaka sita hausikii, akainuka kwenye godoro la msiba, akachukua jagi, akaanza kuchota na kumimina mbele ya macho yenu. Mkasema amerithishwa. Baba mkubwa Marseli akaamuru tangi livunjwe kabla jeneza halijatoka, na mama Soipei akauliza ni nani aliyegusa waya ukutani, watu wakatazamana, kila mmoja akimshuku mwenzake.

Aliyechomoa ni Xavery Amnaay, mdogo wa marehemu, ndiye huyu anayewasomea. Jumatano jioni alitafuta tundu la kuchomeka spika, akachomoa waya ambao hakuuliza ni wa nini, na jana alipoulizwa aliona aibu kusema, akamwacha shemeji yake achote kwa jagi na aitwe mchawi siku nzima. Leo asubuhi amechomoa spika, amerudisha pampu, na baba mkubwa Marseli ameketi mbele ya kioo hadi samaki waliposhuka chini wenyewe, akasema tangi libaki. Shemeji, mimi nilikosea, nisamehe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kaka yetu tangu mwanzo hadi mwisho, majirani wa Maisaka kwa kuni, maji na vyombo, hata wale walioleta na maneno, na wenzake wa kazi katika nyumba za wageni, ambao tunawaomba wasibadilishe maji yote kwa mara moja.

Kaka Fabiani, pumzika kwa amani. Maji ya Jumapili yako kwenye ndoo ya bluu tangu asubuhi, mama Soipei ameyanusa mwenyewe.